Bajaji ya Asiyekuwepo

Jumamosi hiyo niliondoka Märsta, kaskazini mwa Stockholm, saa moja kasoro robo asubuhi nikiwa na begi moja la mgongoni, viatu vya baridi nilivyovifunga kwa kamba zake nje ya begi ingawa ilikuwa Julai, na simu mbili. Moja ilikuwa yangu. Nyingine ilikuwa ya mwanamke niliyekuwa nikisafisha naye vyumba vya hoteli karibu na uwanja wa ndege, na siku ile ilikuwa na thamani kuliko vyote nilivyobeba.

Sikujua ningelala wapi. Nilikuwa nimefukuzwa kazi jana yake, na chumba nilichokaa kilikuwa cha kampuni ileile ya usafi iliyonifukuza, kwa hiyo vyote viwili viliondoka kwa mkupuo mmoja. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilinitaka nikabidhi ufunguo kabla ya saa sita mchana. Niliutumbukiza kwenye kisanduku chao cha barua kabla jua halijapanda juu. Sikutaka wapate raha ya kuja kunikuta nimeketi juu ya begi nikisubiri kutolewa.

Kuondoka nimezoea. Niliacha shule darasa la sita kule Uvira, mwaka ambao kila aliyekuwa na miguu alivuka ziwa. Nikakaa kambini Kigoma, nikatoka kambini bila ruhusa nikaenda Kampala, kisha Nairobi, nikajifunza Kiingereza cha kuombea kazi, na nikarudi kambini siku chache kabla jina langu halijaitwa kwenye orodha ya wanaopelekwa Ulaya. Mpaka leo watu wa kwetu huniambia sina utulivu. Ni kweli. Nikiona barabara inakata kona, nataka kujua baada ya kona kuna nini, na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo.

Lakini ile asubuhi sikuondoka kwa sababu ya kona. Niliondoka kwa sababu ya foleni ya petroli iliyokuwa Sri Lanka.

Mwenye simu nilimwita Akka. Kwao maana yake ni dada mkubwa, naye aliniita nangi, mdogo wake wa kike. Tulizungumza kwa Kiswidi, na Kiswidi chetu wakati huo kilikuwa cha mashuka, taulo na madoa, lakini Akka alikuwa mtu wa kusimulia, na msimuliaji hazuiwi na uchache wa maneno. Kila asubuhi mwaka ule wa 2022, tukipakia mashuka kwenye vigari vyetu ghalani, alinieleza nchi yake ilikuwa imefika wapi. Mimi sikuwa nimesoma historia ya nchi yoyote, hata ya kwangu. Ile ndiyo niliyoisoma, robo saa kwa siku, nikiwa nimesimama.

Nilianza na maziwa ya unga kukosekana madukani. Kisha umeme ukawa unakatwa, kwanza saa chache, baadaye karibu siku nzima. Mwezi wa tatu Akka alinieleza kwamba watoto wa shule wameahirishiwa mitihani kwa sababu nchi haina karatasi, na mimi nikacheka, nikidhani ni Kiswidi chake kimekosea. Hakikukosea. Karatasi zilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha. Mwezi wa nne watu walipiga mahema ufukweni mbele ya ofisi ya rais wakamwambia aende nyumbani. Mawaziri walikuwa wamejiuzulu karibu wote. Mwezi wa tano wafuasi wa wakubwa wakaja na marungu kuvunja mahema, na jioni ya siku hiyohiyo waziri mkuu akaachia ngazi. Mahema yakapigwa upya. Akka alisimulia haya yote bila kupandisha sauti, kama anayeeleza namna jirani alivyougua. Sauti yake ilibadilika alipofika kwenye foleni tu, kwa sababu kwenye foleni ndiko alikokuwa mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa dereva wa bajaji katika mji mmoja mdogo kusini mwa mji mkuu, na ndiye aliyeishi na mama yao. Mama huyo figo zake zilikuwa zimekufa. Mara mbili kila wiki alipaswa kufikishwa hospitali ya mbali asafishwe damu kwa mashine, na gari lake lilikuwa bajaji ya mwanawe. Mwisho wa mwezi wa sita serikali ilitangaza kwamba mafuta yaliyobaki ni ya shughuli maalumu tu. Kituo kimoja karibu na mji wao kiliendelea kutoa kidogo kidogo, siku yoyote, saa yoyote. Mpaka Ijumaa niliyofukuzwa, mama alikuwa amekosa mashine mara mbili. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi magotini. Zamu ya tatu ilikuwa Jumapili asubuhi, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba ya tatu isikoseke.

Sasa, ile foleni ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kila chombo kilipewa namba kwa chokaa. Hakuna aliyewasha injini, maana angechoma kilichobaki. Foleni ikisogea, watu walisukuma kwa mikono. Na kama mwenye chombo hayupo, kaenda kumwangalia mgonjwa au kutafuta chakula, wa nyuma yake alimsukumia.

Nilimwambia Akka kwamba hapo ananidanganya. Kambini tulipanga foleni ya maji kwa mawe. Ulifika alfajiri, ukaweka jiwe lako, ukaenda zako. Ukirudi, jiwe lako lilikuwa limepigwa teke hadi kwenye matope na hakuna aliyeliona likienda. Mimi mwenyewe nimepiga mateke mawe ya watu. Akka akasema, "Bajaji ni nzito, nangi. Huwezi kuipiga teke." Akaendelea kukunja taulo.

Kazi ya Akka katika foleni hiyo ilikuwa macho. Kule umeme ulikuwa ukikatika na simu zinazima, lakini Märsta umeme upo na mtandao upo. Kulikuwa na kundi la mtandaoni ambako watu waliandika lori la mafuta limeonekana wapi na linaelekea kituo gani. Akka alisoma, akampigia mdogo wake, na mdogo wake akawaambia wenzake. Hivyo watu waliweza kwenda nyumbani kidogo, kulala kitandani, kumnywesha mama dawa. Mstari mzima ulimtegemea mwanamke aliyekuwa akitandika vitanda upande huu wa dunia.

Kisha msimamizi wetu akaleta sanduku la plastiki. Kila mtu aweke simu yake humo mwanzo wa zamu, aichukue mwisho. Akka alikuwa na kibali cha kazi, na kibali chake kilifungwa kwenye kazi ileile. Akifukuzwa, ana miezi mitatu ya kupata mwajiri mwingine, la sivyo arudi. Mimi nilikuwa na ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo nilimwambia aweke sandukuni simu yake ya zamani iliyovunjika kioo, mimi niweke yangu, na ile nzima nitembee nayo mimi kwenye mfuko wa aproni. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu alinifundisha kusoma.

Herufi zao ni za mviringo, kama mtu aliyekuwa akichora chapati akaona aongeze mkia. Nilijifunza maneno manne: jina la mji wao, petroli, hakuna, na inakuja. Lile la mwisho hutamkwa enava. Nilifanya mazoezi kwenye vioo vya bafu vyenye mvuke kabla ya kuvifuta. Sijawahi kufurahia shule hivyo.

Ijumaa saa tano nilikuwa nimepiga magoti kando ya beseni la kuogea, simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni, na msimamizi alikuwa mlangoni. Aliuliza ni ya nani. Nikasema yangu. Akasema yangu iko sandukuni, ameiona kwa macho yake. Nikasema nina mbili. Akanyoosha mkono, nikampa, akakuta kioo kimejaa zile chapati.

"Wewe unasoma hii?"

"Nasoma."

"Soma."

Nikasimama, nikaweka kidole. Hili ni jina la mji. Hili ni petroli. Hili ni hakuna.

"Na hili?"

"Hilo bado sijafika."

Nusura acheke, nilimwona. Nadhani ndiyo maana alikasirika zaidi. Aliniambia anajua simu ni ya nani, kila mtu anajua, nitaje tu jina nirudi kumaliza vyumba vyangu. Nikamwambia mwenye simu amesimama mbele yake. Akaniuliza nina miaka mingapi kwenye foleni ya nyumba ya jiji. Hilo ni swali la kumvua mtu nguo Stockholm. Hapa watu hujiandikisha kwenye foleni hiyo wakiwa na umri wa miaka kumi na minane, wakapata nyumba wakiwa na mvi za kwanza. Mimi nilikuwa sijajiandikisha kamwe. Foleni zote nilizopanga maishani zilitosha.

"Sina hata siku moja," nikasema. "Nirudishie simu."

Alinirudishia. Akaniambia sitapangiwa tena saa, na chumba nikiache kesho.

Akka alinikuta kwenye korido nikisukuma kigari changu mara ya mwisho. Alikuwa amesikia. Alitaka kwenda kwa msimamizi palepale kusema ukweli, akaanza kufungua aproni. Nikamshika mkono. Nikamwambia akienda kusema, nami nitasema yeye ni mwongo, na sisi wawili tutafukuzwa kwa pamoja na mama yake hatapata hata macho. Akaifunga tena aproni. Kisha akatoa chaja yake ya kubeba kwenye kigari, akaisukuma ndani ya mfuko wangu.

"Kesho nina zamu mpaka jioni," akasema. "Kaa nayo. Kesho nzima. Saa kumi na mbili uniletee Jordbro, stesheni."

Jordbro ndiko alikokaa, upande wa pili kabisa wa jiji. Kwa hiyo ile Jumamosi nilikuwa na mahali pa kufika na sikuwa na mahali pa kulala, na kati ya hayo mawili palikuwa na saa kumi na moja.

Treni ilikuwa haijafika hata Upplands Väsby simu ilipoita. Nikaipokea kwa Kiingereza, nikasema mimi ni mdogo wa dada yake wa kazini. Mdogo wake Akka alinijua. Sauti yake ilikuwa katikati ya sauti nyingine mia, na chini yake nikasikia mlio wa chuma kwenye reli. Yeye pia alikuwa ndani ya treni. Aliniambia usiku polisi walitangaza marufuku ya kutoka nje, asubuhi wakaifuta, na watu wamejaa stesheni zote wanakwenda mji mkuu kwa rais.

Nilimuuliza kwa nini ameiacha foleni siku hii, na kesho ndiyo zamu ya mama.

"Siku tisa niko kwenye mstari," akasema. "Leo nakwenda kumwona mwenye mstari."

"Na bajaji?"

"Nyuma yangu kuna jirani yetu, fundi cherehani mwenye pikipiki. Ana namba yako hiyo. Ukiona lori, mpigie. Atasukuma."

Nikamwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwamba watu wataitoa bajaji yake pembeni na kupita. Alicheka mpaka akakohoa. Akauliza kwa nini waitoe, na yeye amekwenda kwa ajili yao. Simu ikakatika.

Nilikaa na simu mkononi nikitazama misonobari ikipita. Nilimkasirikia, na nilimwonea wivu.

Niliteremka Odenplan nikapanda treni ya kijani hadi Vällingby, kwa sababu huko kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu ninayesali naye mara moja moja, na aliwahi kusema ana chumba. Hiyo ndiyo ilikuwa juhudi yangu yote ya kutafuta makazi. Nilipita kwenye uwanja wa maduka wenye mawe yaliyopangwa miduara, nikapanda kwake ghorofa ya tatu. Alifungua mlango akaangalia begi, akaangalia viatu vya baridi vilivyoning'inia.

"Mungu wangu. Weye tena? Sasa unatembea na nyumba mugongoni kama konokono?"

Chumba kilikuwa kimepata mtu tangu Pasaka. Alinikalisha jikoni, akanipa chai na maandazi, akanipa na hotuba. Kwamba mimi ni mtu muzima. Kwamba toka nifike Sweden ningejiandikisha kwenye foleni ya nyumba ningekuwa na miaka saba sasa. Kwamba *vraiment*, kwa kweli, Mungu hawezi kunifanyia hata kujaza fomu. Nilikula maandazi yake bila kujibu. Aliyosema yalikuwa kweli, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha simu, na hilo lilimuudhi zaidi. Binti yake akaingia jikoni na simu yake, akamwambia kwa Kiswidi atazame. Mama akamwambia aseme kwa Kiswahili mbele ya wageni. Binti akasema tena kwa Kiswidi: watu wamemfukuza rais, wanaogelea kwenye bwawa lake.

Nikainama kutazama. Vijana walikuwa wakiruka ndani ya bwawa la ikulu na nguo zao. Wengine walijaa kwenye ngazi pana za zulia, wengine wamelala juu ya kitanda kikubwa na viatu, wakipigana picha. Hakuna aliyejua rais yuko wapi. Siku chache baadaye angepanda ndege ya jeshi kwenda nchi nyingine, lakini saa ile kilichoonekana ni maji na watu. Nilimtafuta mdogo wake Akka katika zile nyuso, ingawa sikuwa nimewahi kumwona.

"Hawa watu hawana adabu," akasema mama wa Bukavu. Kisha akatazama tena, kwa muda mrefu, na nikaona mdomo wake unakaa vingine. "Weka mwanzo," akamwambia binti. "Nione tena pale wanaporuka."

Ni wakati huo kundi lilipoandika. Jina la mji. Petroli. Enava. Na saa: kumi jioni yao, yaani muda mfupi kutoka pale.

Nilimpigia fundi cherehani. Imezimwa. Nikapiga tena, nikapiga mara nane, nikiwa nimesimama katikati ya jikoni la watu. Nilimpigia mdogo wake Akka, mtandao wote wa mji mkuu ulikuwa umeziba. Sikuwa na namba nyingine ya mtu wa foleni. Lori lingefika, wenye simu wangepata habari kwa njia zao, wangekimbilia vyombo vyao, na mstari ungesogea. Na pale namba yake ilipoandikwa kwa chokaa pangesimama bajaji bila mtu, na nyuma yake pikipiki bila mtu. Niliyaona yale mawe ya kambini waziwazi. Niliuona na mguu wangu.

Kwenye simu kulikuwa na namba moja iliyoandikwa Amma. Mama.

Iliita muda mrefu. Sauti iliyopokea ilikuwa nyembamba na ya usingizi. Nikasema, "Amma." Akajibu maneno mengi ambayo sikuelewa hata moja isipokuwa jina la Akka. Nikasema, "Akka, hapana." Halafu nikasema nilichokuwa nacho. Nilitaja mji. Nikasema petroli. Nikasema enava.

"Petroli enava?" akauliza.

"Enava. Enava, Amma."

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu bila kukatwa. Nikasikia kiti kikisogea, na kitu kikiburutwa sakafuni, polepole, kikisimama, kikiburutwa tena. Ilikuwa miguu yake. Kisha mlango. Kisha, mbali, nje, sauti ileile nyembamba ikipiga kelele ambazo sikudhani zinaweza kutoka ndani yake, ikiita mtu ng'ambo ya ua, ikiita tena, na mbwa wakabweka, na mwanamke mwingine akajibu.

Mama wa Bukavu alikuwa ameacha kumimina chai. Aliniuliza ninaongea na nani. Nikamwambia ni mgonjwa ambaye anakwenda kuitafutia bajaji yake petroli. Hakuuliza zaidi. Aliketi mkabala nami, binti akaketi pia, na sisi watatu tukaitazama simu iliyolala juu ya meza kati ya maandazi.

Fundi cherehani alipiga baada ya saa moja na nusu kwa simu ya mtu. Kiingereza chake kilikuwa kama Kiswidi changu. Alisema simu yake haina umeme, mama amefika uani kwake akilia petroli, mkewe ameingia mbio ndani kumwamsha. Nilimuuliza, bajaji?

"Nimesukuma," akasema. "Mimi nimesukuma bajaji, mtu wa nyuma amesukuma pikipiki yangu. Wote tumesukuma."

"Mmepata?"

"Tumepata. Kidogo. Inatosha kwenda na kurudi."

Nikamshukuru kwa lugha zote ninazozijua. Alionekana kutoelewa nashukuru nini. Mama wa Bukavu aliponisindikiza mlangoni alinipa maandazi yaliyobaki kwenye mfuko na akaniambia nikikosa kabisa nirudi, nitalala kwenye kochi, siku moja tu. Aliirudia ile siku moja tu mara mbili. Nikapitisha alasiri nikizunguka na treni, kwa kuwa tiketi ilikuwa ya mwezi na haikuwa imeniuliza kazi.

Saa kumi na mbili Jordbro jua lilikuwa bado juu ya maghala. Akka aliteremka kwenye treni akiwa bado na sare chini ya koti, akanitafuta kwa macho, na kabla hajafika nilimwinulia simu. Nilimweleza haraka: mdogo wake kaenda mji mkuu, fundi kasukuma, petroli ipo. Nilificha ya mama yake kutembea. Kisha nikaona si haki, nikamwambia na hilo. Alifunika mdomo kwa mkono. Akaketi kwenye benchi la stesheni, watu wakatupita.

Simu ilitetemeka mikononi mwake. Ilikuwa picha kutoka kwa mdogo wake, iliyochelewa njiani saa nyingi. Haikuwa bwawa wala kitanda. Alikuwa amesimama katika jiko moja kubwa la wakubwa, kidole chake kimeelekezwa kwenye moto wa bluu, na chini ameandika maneno mawili. Akka akanitafsiria: gesi ipo. Nchi nzima ilikuwa ikipika kwa kuni. Alianza kucheka akiwa bado anafuta macho.

"Sasa twende," akasema, na akachukua begi langu.

Nikamuuliza twende wapi. Akasema kwake. Nikamwambia ninajua kwake ni chumba kimoja kwa mwanamke mzee, na mimi si wa kulala sakafuni kwa huruma, nitapanda treni nyingine. Kwa kweli nilikuwa nimeanza kugeuka. Akka hakuachia begi.

"Mzee ana chumba cha pili, cha cherehani ya marehemu mumewe. Nimezungumza naye jana usiku, nikazungumza naye tena alfajiri. Amekihamisha kitambaa chote leo." Alianza kutembea, kwa hiyo ikabidi nitembee. "Wewe ulikuwa huko kwa ajili yetu. Ulidhani nitakuacha pale na namba yako ya chokaa?"

Kutoka stesheni hadi kwenye yale majengo marefu nilitembea nikiangalia viatu vyangu vya baridi vikigonga mgongo wa mtu mwingine.

Mwanamke mzee alitufungulia akiwa na kijiko cha mti mkononi. Alikuwa wa hukohuko kwa Akka, mdogo wa kimo, na alikuja Sweden kabla sijazaliwa. Hakuniuliza barua ya mwajiri wala miaka ya foleni. Aliniuliza kama ninavuta sigara, kama nitaweza kumbebea maji ya chupa kutoka dukani, na kama ninakula pilipili. Nikajibu hapana, ndiyo, ndiyo. Kodi aliitaja, ilikuwa ya haki, akasema nitaanza nikipata kazi na siyo kabla, na nisibishane naye maana anapika. Chumba kilikuwa na kitanda chembamba, dirisha la kuangalia maegesho ya magari, na sakafu iliyojaa nyuzi za rangi ambazo ufagio haukuzipata.

Tulikuwa mezani, ulimi wangu unawaka, mdogo wake Akka alipopiga. Amefika nyumbani. Kule ilikuwa usiku, umeme umekatika, amesimama uani gizani. Akka aliweka sauti juu tusikie wote. Alisema bajaji ameikuta mbele ya mlango, wameisukuma mpaka nyumbani ili wasichome hata tone, na kesho kabla jua halijatoka atamkalisha mama nyuma na mito miwili. Akka akasema hamwamini. Akasema alidanganywa vya kutosha wiki nzima, anataka kusikia injini.

Tukasubiri. Ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, ikashika. Ile sauti ndogo ya bajaji, ninayoijua kutoka Kigoma na Kampala na Nairobi, ikajaa katika jiko la Jordbro, na mwanamke mzee akaacha kijiko chake sufuriani.

Kisha nyuma ya injini tukasikia sauti nyembamba ya mama, yenye hasira kamili. Akka akanitafsiria huku akicheka: anasema izimwe sasa hivi, inamaliza mafuta.